Kitufe Kisicho na Jina

Katika somo hili tunataka kutazama jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta peke yao. Wanaoandika programu wakikutana, mazungumzo yao hurudi mara kwa mara kwenye mambo matatu: kibodi na kipanya, programu za imla zinazogeuza sauti kuwa maandishi, na urembo wa kurasa za tovuti. Kwa nje ni mabishano ya mafundi kuhusu vyombo vyao, kama maseremala wanavyobishana kuhusu randa. Sisi tunaosoma falsafa tunasikia humo swali la zamani: wazo lililo ndani ya mtu hupita njia gani hadi limfikie mwingine, na ni nani anayebaki nje pale njia inapokuwa moja tu?

Tuanze na mkono. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu roho, anailinganisha roho na mkono, kwa kuwa mkono ndicho chombo kinachotumia vyombo vingine. Fundi wa programu angemkubalia mara moja, maana vidole vyake hushinda juu ya kibodi. Mpangilio wa herufi anaoutumia umetokana na mashine ya kuchapa ya Christopher Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington huko Marekani mwaka 1874. August Dvorak alipata hataza ya mpangilio mwingine mwaka 1936, kwa hoja kwamba vidole vitasafiri umbali mfupi zaidi. Wapo wanaoutumia hadi leo. Ni wachache, na wanaupigia debe kama waongofu wapya. Kipanya kilifuata baadaye. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani tarehe 9 Desemba 1968 mjini San Francisco. Siku ile mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kibodi ndogo ya vibonye 5, vinavyobonyezwa kwa pamoja kama vya kinanda. Kipanya kikaenea duniani, kibodi ile ndogo ikasahaulika.

Waandishi wengi wa programu hawakipendi kipanya. Sababu si majivuno tu, ingawa majivuno yapo: kila mara mkono unapoacha herufi na kukifuata, fikra hukatika. Hivyo hujifunza kufanya karibu kila kitu kwa vibonye. Lakini mkono nao huchoka. Mwendo uleule ukirudiwa mara maelfu kwa siku, miaka kwa miaka, kano huuma, vidole hufa ganzi, na kwa baadhi ya watu maumivu hayo hayaishi kwa mapumziko ya wiki moja. Mtu aliyekuwa akipata riziki kwa vidole vyake anajikuta hawezi hata kufungua kifuniko cha chupa. Kuanzia hapo, kwake yeye imla si anasa tena.

Imla sote tunaikumbuka tangu shule ya msingi: mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika, na "dhahabu" inageuka kuwa "zahabu". Programu ya imla ni mwanafunzi yuleyule, ila ana masikio ya namna nyingine. Mwaka 1997 kampuni ya Dragon Systems, iliyoanzishwa na James na Janet Baker, ilitoa programu ya NaturallySpeaking, iliyomwezesha mtu kusema mfululizo bila kutua baada ya kila neno. Kwa kuandika barua, hiyo inatosha. Kwa kuandika msimbo, yaani maagizo anayopewa kompyuta, haitoshi. Msimbo umejaa mabano, nukta mkato na majina yaliyounganishwa bila nafasi. Programu iliyozoezwa lugha ya watu hulikisia neno kwa kutazama maneno yaliyo jirani nalo, na ndani ya msimbo makisio hayo hupotosha.

Tavis Rudd, mwandishi wa programu aliyeumia mikono, alionyesha katika mkutano wa PyCon wa mwaka 2013 namna alivyopata njia. Alijitungia amri fupifupi, nyingi za silabi moja, kila moja na kazi yake. Akisema "slap", kompyuta inashuka mstari mpya. Programu ya Talon, wanayoitumia wengi wenye shida kama hiyo leo, inafuata njia iyo hiyo: herufi a huitwa "air", b huitwa "bat", c huitwa "cap". Mtu aliye chumba cha pili angedhani jirani yake ananena kwa lugha.

Kiswahili kina bahati yake hapa, na kina shida yake. Bahati ni kwamba tunaandika kama tunavyotamka, wakati Kiingereza kimejaa maneno yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti. Shida ni kwamba maneno yetu ya silabi moja ni machache, na neno moja kama "hawatatuandikia" limebeba sentensi nzima; mashine ikikosea silabi moja tu ndani yake, mtendaji au wakati umebadilika. Tena matamshi yetu yanatofautiana, wengine hubadilishana "r" na "l", na karibu wote tunachanganya Kiingereza katikati ya sentensi. Mashine haiwezi kuzoea haya bila kusikia watu wengi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi, na Kiswahili kimo. Hiyo ni kazi ambayo mseminari mwenye simu anaweza kuifanya wakati wa mapumziko.

Kusema ili mwingine aandike si jambo geni katika mapokeo yetu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa na mwandiko mbaya kiasi cha kupewa jina la Kilatini, "littera inintelligibilis", mwandiko usiosomeka. Sehemu ya Summa contra Gentiles aliyoiandika kwa mkono wake imehifadhiwa katika Maktaba ya Vatikano na bado inawatesa wataalamu. Alikuwa na makatibu, akiwemo ndugu Reginald wa Piperno, na mashuhuda walieleza kwamba aliweza kuwapa imla watatu, hata wanne, kwa wakati mmoja, kila mmoja jambo lake. Tofauti na programu ni kubwa. Katibu alielewa kinachosemwa, na asipoelewa aliuliza. Programu haiulizi, huandika kile kinachoelekea zaidi kuwa ndicho, kwa ujasiri uleule iwe imepatia au imekosea. Kwa hiyo anayetumia imla lazima asome tena alichokisema.

Sasa tuje kwenye vazi. Ukurasa wa tovuti una tabaka mbili ambazo ni vyema tuzitenganishe. Lugha ya HTML husema kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kitufe. Lugha ya CSS husema kionekane vipi: rangi, ukubwa, nafasi. Mwanzoni mambo haya yalichanganywa, rangi na herufi zikiandikwa katikati ya maneno yenyewe. Håkon Wium Lie, akiwa CERN, alipendekeza CSS mwezi Oktoba 1994, Bert Bos akaungana naye, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Mwaka 2003 Dave Shea alianzisha CSS Zen Garden, ambapo maandishi ni yaleyale, HTML ni ileile, na kila msanii huyavisha upya mpaka huwezi kudhani ni ukurasa mmoja.

Katika historia hiyo kuna jambo dogo ambalo tunaona linastahili kufundishwa hata katika darasa la maadili. CSS ilikubali tangu mwanzo kwamba mwenye ukurasa anaweka kanuni zake za mwonekano, na msomaji naye anaweza kuweka zake. Je, wote wawili wakitia kanuni zao alama ya kuwa ni muhimu, nani ashinde? Katika toleo la kwanza alishinda mwenye ukurasa. Toleo la pili, la Mei 1998, liligeuza: msomaji ashinde. Anayehitaji herufi kubwa ili aone ndiye mwenye neno la mwisho mbele ya msanii aliyependa herufi ndogo. Vivinjari vingi vya leo havimrahisishii msomaji kuandika kanuni hizo, lakini mpangilio huo wa ushindi haujafutwa.

Tukiunganisha haya matatu, tunafika kwenye kitufe. Msanii anaweza kuchukua sanduku tupu, lisilosema ni kitu gani, akalipaka rangi na kuliviringisha pembe hadi jicho likaona kitufe. Ukilibonyeza kwa kipanya, linafanya kazi. Lakini asiyetumia kipanya anapopita kwa kibonye cha Tab, analiruka kana kwamba halipo. Programu inayomsomea asiyeona haisemi kwamba hapo pana kitufe. Na aliyeumia mikono, anayeiamuru kompyuta kwa sauti, hawezi kukiita kitufe ambacho ni picha tu ya bahasha, kwa sababu hakina jina. Kwa lugha ya darasani, sifa za nje zipo na kiini hakipo. (Mfano una mipaka yake: kadiri ya Tomaso, umbo la kitu kilichotengenezwa na binadamu lenyewe ni sifa ya nje. Mwalimu wetu wa metafizikia asitukasirikie.) Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.1, wa Juni 2018, unadai kwamba maandishi yanayoonekana juu ya kitufe yawemo katika jina ambalo mashine inalijua, ili anayesema "Tuma" akipate kitufe cha Tuma.

Tusidhani ni mambo ya mafundi wa mbali. Matangazo mengi ya parokia siku hizi hutolewa kama picha moja: bango zuri lenye maua pembeni, na ndani yake saa za Misa, siku ya kitubio, namba ya kupelekea mchango. Kwa simu ya muumini asiyeona, mara nyingi hiyo ni "picha" tu. Amepokea tangazo kama wengine, na hajui Misa ni saa ngapi. Tunaamini bango libaki, maana uzuri nao una haki yake. Ila maneno yaleyale yaandikwe chini yake kama maandishi ya kawaida.

Wanaotunza kurasa za parokia au jumuiya wanaweza kuzipima hivi. Weka kipanya kando, bonyeza Tab mara nyingi, utazame kama unaona mstari unaozunguka mahali ulipofika; wasanii wengi huuondoa mstari huo kwa kuuona mbaya, na anayetegemea kibodi hupotea. Halafu washa msomaji wa sauti katika simu, TalkBack kwa Android au VoiceOver kwa iPhone, ufumbe macho na ujaribu kutafuta saa ya Misa ya kwanza ya Dominika. Kabla ya kumwasha, jifunze kwanza namna ya kumzima, kwa sababu akishawaka mguso mmoja haufungui tena kitu, unakitaja tu. Kukifungua ni kugusa mara mbili.