Maji Yatokayo Puani: Si Kila Mara Huwa Mafua

Wengi wetu tuonapo maji yakichuruzika puani husema ni mafua au mzio, tukanunua dawa dukani na kungoja. Mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Hata hivyo, maji maangavu yasiyo na ute, yanayotoka katika tundu moja tu la pua kwa majuma kadhaa, huenda yakawa ugiligili wa ubongo. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuutambua na hatua zinazofaa.

Ugiligili wa ubongo ni nini?

Ubongo huelea katika maji yanayoukinga na mitikisiko. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku, na kiasi kama hicho hurudi katika damu. Kati ya ubongo na pua upo mfupa mwembamba sana. Mfupa huo ukitoboka na utando ulio juu yake ukapasuka, maji huvuja. Mara nyingi chanzo ni ajali ya kichwa au upasuaji. Hapa tunazungumzia uvujaji unaozuka wenyewe, pasipo jeraha.

Ni nani walio hatarini zaidi?

Miongoni mwa wagonjwa, wengi ni wanawake wa umri wa makamo wenye unene uliokithiri. Mara nyingi shinikizo la maji ndani ya fuvu huwa limepanda, nalo huula mfupa polepole kwa miaka. Wanaokatikiwa na pumzi usingizini nao wamo hatarini. Shinikizo hili si shinikizo la damu, na kipimo cha mkononi hakilionyeshi.

Dalili za kuangalia

- Maji huongezeka mtu anapoinama, kwa mfano akifua au akisujudu.
- Ladha ya chumvi husikika kooni.
- Kichwa huuma, masikio huvuma au macho huona ukungu.
- Dawa za mafua na mzio hazileti nafuu.

Kwa nini lisipuuzwe?

Upenyo unaotoa maji waweza pia kuingiza vijidudu na kuleta homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoweza kuua. Homa kali, shingo kukakamaa, kuumizwa na mwanga au kuchanganyikiwa kukitokea, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Hatua za kuchukua

Onana na daktari wa masikio, pua na koo, umweleze kwamba maji hutoka upande mmoja. Maji kidogo yakikusanywa katika chupa safi, maabara huweza kutafuta protini iitwayo beta-2 transferini. Usitegemee kijiti cha kupimia sukari, kwani majibu yake hupotosha. Picha za CT na MRI huonyesha penye tundu.

Tundu huzibwa kwa upasuaji unaopitia puani, bila kupasua fuvu, na wagonjwa walio wengi hupona kwa upasuaji wa kwanza. Lakini shinikizo lisiposhughulikiwa kwa dawa na kwa kupunguza uzito, uvujaji waweza kurudi.

Wakati ukingoja matibabu, usipenge kwa nguvu, usinyanyue mizigo mizito, usijikamue chooni, na ukipiga chafya uache kinywa wazi.