Mogambo na Sauti ya Marehemu: Tanzia ya Ava Gardner kama Somo la Kiswahili

Utangulizi

Mwigizaji wa filamu anapofariki dunia, wanaobaki humkumbuka kwanza kwa sura. Picha zake huchapishwa upya, filamu zake huonyeshwa tena, kisha ndipo maneno hutafutwa ya kuzisindikiza picha hizo. Maneno hayo ndiyo tanzia. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tanzia ni utanzu unaostahili kuchunguzwa kwa makini kwa kuwa lugha inayotumiwa ndani yake huamua ni nani atakayekumbukwa, atakumbukwa kwa lipi, na ni nani atakayesahauliwa.

Makala haya yanamwangazia Ava Gardner, mwigizaji wa Marekani aliyefariki London tarehe 25 Januari 1990 akiwa na umri wa miaka 67. Jina lake linaihusu Afrika Mashariki kwa sababu ya filamu iitwayo Mogambo, iliyotolewa mwaka 1953. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa barani Afrika, na miongoni mwa maeneo yaliyotumika nchini Kenya ni Thika, Ziwa Naivasha na iliyokuwa Wilaya ya Isiolo.

Ili hoja za makala zieleweke vyema, msomaji anaombwa amfikirie mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Rapsu. Rapsu ni kijiji kilichoko kusini mwa Isiolo, katika eneo la Garba Tula, si mbali na Kinna wala na Hifadhi ya Taifa ya Meru. Ni mahali penye mipaka ya lugha: Kiborana huzungumzwa nyumbani, Kimeru huzungumzwa na majirani wa upande wa milimani, nacho Kiswahili huwakutanisha wote shuleni, sokoni na ofisini. Endapo mwanafunzi huyo ataombwa kuandika tanzia ya mwigizaji aliyepata sifa kwa filamu iliyopigwa katika wilaya yao na kupewa jina linalodaiwa kuwa la Kiswahili, ataandika nini?

Maisha ya marehemu kwa muhtasari

Ava Lavinia Gardner alizaliwa tarehe 24 Desemba 1922 katika kitongoji cha Grabtown, karibu na mji wa Smithfield, jimbo la North Carolina. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini, na tumbaku ndiyo iliyokuwa ikilimwa katika sehemu hiyo. Njia yake ya kuingia katika filamu ilikuwa ya bahati. Shemeji yake, aliyekuwa mpiga picha jijini New York, aliweka picha yake katika dirisha la studio yake. Picha ikaonwa, na kufikia mwaka 1941 msichana huyo alikuwa ametia saini mkataba na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer.

Jambo linalopaswa kumvutia mwanaisimu ni lililofuata. Gardner alizungumza kwa lafudhi nzito ya watu wa kusini mwa Marekani. Kampuni iliipenda sura yake lakini haikuipenda sauti yake. Hivyo akapewa mwalimu wa matamshi ili lafudhi ya nyumbani iondolewe. Miaka kumi baadaye, katika filamu ya nyimbo Show Boat (1951), sauti yake ilikataliwa kwa namna nyingine. Aliimba mwenyewe, na uimbaji wake ukatumiwa katika santuri ya filamu hiyo; lakini katika filamu yenyewe, watazamaji waliona midomo ya Gardner na kusikia sauti ya mwimbaji Annette Warren.

Kati ya matukio hayo mawili, umaarufu wake ulikuwa umethibitishwa na filamu The Killers (1946). Mogambo ndiyo iliyomfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, ingawa tuzo ilimwendea Audrey Hepburn. Baadaye aliigiza katika The Barefoot Contessa (1954), Bhowani Junction (1956), On the Beach (1959) na The Night of the Iguana (1964). Alihamia Uhispania mwaka 1955, kisha London mwaka 1968. Mwaka 1986 alipatwa na kiharusi, na miaka minne baadaye nimonia ikamwondoa. Alizikwa Smithfield, karibu na alikozaliwa.

Jina la filamu na maana yake

Mogambo iliongozwa na John Ford. Ni toleo jipya la filamu Red Dust ya mwaka 1932, ambayo kisa chake kilitendeka Indochina. Clark Gable aliigiza katika zote mbili; katika hii ya pili yeye ni Victor Marswell, mtegaji wa wanyamapori. Gardner ni Eloise Kelly, mwanamke mcheshi anayefika kambini kumtafuta mwana wa mfalme wa Kihindi na kukuta keshaondoka. Grace Kelly ni Linda Nordley, mke wa mtafiti Mwingereza. Wanawake hao wawili wanampenda Marswell, na hapo ndipo mgogoro unapozaliwa.

Katika maandishi mengi ya Kiingereza kuhusu filamu hii, inadaiwa kwamba "mogambo" ni neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali. Msomaji yeyote wa Kiswahili atashangaa. Kwa maana hiyo Kiswahili kina ashiki, mahaba, shauku na harara, "mogambo" halimo. Wako pia wanaosimulia kwamba jina hilo lilipatikana kwa kubadilisha herufi moja tu katika jina la Mocambo, klabu ya usiku iliyokuwa Hollywood.

Vyovyote lilivyopatikana, linalofanana nalo katika Kiswahili ni mgambo, yaani tangazo la kuwaita watu, ambalo zamani lilitanguliwa na mlio wa pembe. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Nchini Tanzania neno hilo limepata maana ya ziada ya askari wa akiba.

Tukitoka nje ya Kiswahili, mambo yanapendeza zaidi. Katika Kiganda, kugamba ni kusema, na kigambo ni neno. Katika Kikuyu, mũgambo ni sauti, na irabu ya silabi ya kwanza hutamkwa karibu sana na "o", kiasi kwamba sikio la mgeni lingeweza kuandika "mogambo" bila kusita. Katika Kimeru, mugambo vilevile ni sauti. Mwanafunzi wa Rapsu hahitaji kamusi ya mbali ili kulitambua neno hili. Anaweza kulisikia kwa majirani zake siku ya soko. Kwa hiyo, filamu iliyotangazwa ulimwenguni kama yenye jina la mahaba ilibeba, pasipo waandaaji kukusudia, jina linalosikika katika lugha za hapa kama sauti, usemi na wito. Nayo ilimpa sifa kubwa mwanamke ambaye kazi yake ilianza kwa kufundishwa kuiacha sauti yake.

Tafsiri inapogeuka kuwa pazia

Upotoshaji wa maana haukuishia kwenye jina. Mogambo ilipofika Uhispania, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Franco, wadhibiti wa maadili hawakutaka watazamaji wamwone mke wa mtu akimpenda mwanamume mwingine. Sauti za Kihispania zilipoingizwa, Linda na mumewe wakageuzwa kuwa ndugu. Matokeo yakawa mabaya kuliko kosa lililokuwa likifichwa, kwa maana watazamaji walibaki wakiwaona "ndugu" wanaoishi kwa ukaribu wa mke na mume. Ni funzo maridhawa kwa wanafunzi wa tafsiri: mfasiri anayeficha jambo moja bila kuujali muktadha huzua jingine.

Mfano wa pili unamhusu Gardner mwenyewe. Matangazo ya The Barefoot Contessa yalimwita mnyama mrembo kuliko wote duniani, na sifa hiyo ikaandamana naye hadi katika makala za kumkumbuka. Mwandishi wa Kiswahili akiihamisha sifa hiyo neno kwa neno atakuwa ametukana. Mwanamke wa Kiswahili husifiwa kwa mwezi, ua, lulu au hata paa kwa madaha ya mwendo wake; lakini kumwita binadamu "mnyama" bila kutaja ni mnyama gani ni kumwondolea utu. Hata katika Kiingereza, sifa ile ilimtazama kama kitu cha kuonyeshwa. Tanzia njema haina budi kulisema hilo badala ya kulikariri.

Wenye sura wasio na majina

Sasa turejee Isiolo. Upigaji picha wa Mogambo ulianza mwishoni mwa mwaka 1952, kipindi ambacho serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari nchini Kenya mwezi wa Oktoba. Isiolo ilikuwa sehemu ya maeneo ya mpaka wa kaskazini yaliyotawaliwa kwa sheria maalumu, ikiwemo ile ya mwaka 1934, zilizodhibiti mwendo wa watu na mifugo yao. Mfugaji wa Kiborana au wa Kisamburu hakuwa huru kwenda atakako katika nchi ya mababu zake. Msafara wa filamu, wenye malori, mahema na ndege, ulipita kwa idhini ya serikali.

Filamu yenyewe inawaonyesha Waafrika wakibeba mizigo, wakipiga makasia, wakiimba na kushika mikuki. Haikutungiwa muziki wa okestra kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood. Masikio ya mtazamaji hujazwa na ngoma na nyimbo za Kiafrika. Hata hivyo, katika orodha ya washiriki hawakutajwa kama watu. Walitajwa kwa makabila: Wasamburu wa Koloni ya Kenya, Wahaya wa Tanganyika, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji na Wambeti wa Afrika ya Kifaransa. Gable, Gardner na Kelly wana majina. Mwimbaji aliyeipa filamu sauti yake ana kabila tu.

Gable alifariki mwaka 1960, Grace Kelly mwaka 1982, na Gardner mwaka 1990. Kila mmoja aliandikiwa tanzia katika magazeti ya dunia. Wale waliosimama nyuma yao mbele ya kamera wamekuwa wakifariki pia, mmoja baada ya mwingine, pasipo tanzia yoyote iliyotaja kwamba marehemu aliwahi kuonekana na mamilioni ya watu. Hoja hii haikusudiwi kumlaumu Gardner. Si yeye aliyeiandika orodha ile, na yeye mwenyewe alijua maana ya kuonekana bila kusikika. Lakini tanzia inayotaja "mandhari ya kuvutia ya Afrika" na kunyamazia watu wake inairudia orodha ile ya 1953.

Mafunzo kwa mwandishi wa tanzia

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, tanzia itofautishwe na tanzu zilizo jirani nayo. Wasifu ni maisha ya mtu yakisimuliwa na mwingine. Tawasifu husimuliwa na mwenyewe, kama ile ya Gardner iliyochapishwa mwaka 1990 baada ya kifo chake. Mbolezi ni wimbo wa kuomboleza. Tanzia huchota kutoka kwa zote, ila shabaha yake ni kutangaza kifo na kueleza kilichopotea.

Pili, tasfida itumike kwa kiasi. Kufariki dunia, kuaga dunia na kufikwa na mauti ni misemo ya heshima, lakini ikirundikwa katika aya moja huficha ukweli mdogo wenye uzito: siku, mahali na ugonjwa.

Tatu, sifa za kurithiwa zichunguzwe kabla ya kutafsiriwa. Mwandishi ajiulize ni nani aliyeitoa sifa hiyo kwanza, na kwa faida ya nani.

Nne, mahali patajwe pamoja na watu wake. Mwanafunzi wa Rapsu anayeandika kuhusu Mogambo ana nafasi ambayo mwandishi wa London hakuwa nayo. Anaweza kuwauliza wazee wa Isiolo na Samburu waliowahi kusimuliwa habari za msafara ule, akayaandika majina ambayo orodha iliyaacha. Wazee hao wanazidi kupungua, na kazi hiyo haiwezi kungoja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kumkumbuka mwigizaji ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya picha. Ava Gardner alikuwa msanii hodari aliyestahili sifa kwa ucheshi na ukweli aliomvisha Eloise Kelly, mbali na urembo wake. Tanzia ya Kiswahili inaweza kumtendea haki kwa kuirejesha sauti yake katika masimulizi, na papo hapo kuwatendea haki walioimba nyuma yake. Mgambo ni wito. Ulipopigwa mwaka 1953, walioitika walikuwa watazamaji wa mbali. Sasa ni zamu ya wanafunzi wa hapa kuuitikia.

Maswali ya mjadala

1. Eleza uhusiano wa kimaana kati ya mgambo (Kiswahili), mũgambo (Kikuyu), mugambo (Kimeru) na kigambo (Kiganda).
2. Kwa kurejelea toleo la Kihispania la Mogambo, jadili mipaka ya uhuru wa mfasiri.
3. Chagua tanzia moja kutoka gazeti lolote la Kiswahili. Bainisha tasfida na chuku zilizotumika, kisha utaje watu ambao mwandishi amewaacha.
4. Andika tanzia ya maneno 200 ya mtu wa kwenu aliyeshiriki katika kazi ya sanaa bila kutajwa jina.