Kikomo cha michango ya NSSF: kikiondolewa, nani atafaidika?

Tangu Februari 2023, wafanyakazi wengi wa Kwale wameona makato ya NSSF yakipanda kwenye hati zao za mshahara. Chukua mfano wa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya Diani anayelipwa Sh25,000 kwa mwezi. Zamani alikatwa Sh200. Leo anakatwa Sh1,500. Meneja wake, anayelipwa Sh300,000, naye alikatwa Sh200 zizo hizo. Leo anakatwa Sh6,480.

Ukipiga hesabu, mhudumu anatoa asilimia 6 ya mshahara wake wote, ilhali meneja anatoa asilimia 2.16 tu ya wake. Wengi wakiona hivyo huuliza: mbona mwenye kipato kikubwa asikatwe kama wengine? Swali ni la haki. Lakini kabla ya kulijibu, ni vyema mkazi aelewe fedha hizo huenda wapi baada ya kukatwa.

Kikomo ni nini?

Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 inamtaka mfanyakazi achangie asilimia 6 ya mapato yake, na mwajiri aongeze asilimia 6 nyingine kutoka mfukoni mwake. Hata hivyo, sheria imeweka kikomo cha juu. Mapato yanayozidi kikomo hicho hayakatwi mchango wa NSSF.

Kesi mahakamani zilichelewesha utekelezaji wa sheria hiyo kwa miaka tisa, hadi Mahakama ya Rufaa ilipotoa uamuzi Februari 2023. Tangu hapo kikomo kimekuwa kikipanda kwa awamu:

- Februari 2023: Sh18,000. Mchango wa juu kabisa, Sh1,080.
- Februari 2024: Sh36,000. Mchango wa juu, Sh2,160.
- Februari 2025: Sh72,000. Mchango wa juu, Sh4,320.
- Februari 2026: Sh108,000. Mchango wa juu, Sh6,480.

Mwajiri hulipa kiasi sawa na hicho. Katika mwaka wa tano wa utekelezaji, sheria inataka kikomo kifike mara nne ya wastani wa mapato ya kitaifa.

Zingatia: mhudumu wa Sh25,000 hajaongezewa makato tangu 2024. Kikomo kilipopita mshahara wake, mchango wake ulisimama palepale Sh1,500. Awamu za 2025 na 2026 ziliwagusa wenye mishahara mikubwa pekee. Kuondoa kikomo kabisa hakutampunguzia wala kumwongezea mhudumu huyu hata shilingi moja ya makato.

Mfano wa bima ya afya

Wanaotaka kikomo kiondolewe hutaja bima ya afya. Chini ya NHIF, aliyelipwa Sh100,000 na aliyelipwa Sh300,000 wote walikatwa Sh1,700. Tangu Oktoba 2024, SHIF hukata asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo. Meneja wetu sasa analipa Sh8,250. Mhudumu, aliyekuwa akilipa Sh850, sasa analipa Sh687.50.

Huko, kuondoa kikomo kulikuwa na maana ya moja kwa moja. Fedha za bima huingia kapu moja. Anayeugua ndiye hutibiwa, awe alichangia kidogo au kingi. Mwenye nguvu husaidia kumbeba asiye na nguvu.

NSSF si kapu moja

NSSF haifanyi kazi hivyo. Kila mwanachama ana akaunti yake. Anachokatwa, anachoongezewa na mwajiri na faida inayotokana na uwekezaji huandikwa kwa jina lake, na akistaafu hupata kilicho chake. Shilingi ya meneja haihamii kwa mhudumu.

Kikomo kikiondolewa leo, mchango wa meneja utapanda kutoka Sh6,480 hadi Sh18,000. Mwajiri naye ataongeza Sh18,000. Kila mwezi Sh36,000 zitaingia kwenye akaunti ya meneja. Akiba ya mhudumu itabaki Sh3,000 kwa mwezi: Sh1,500 zake na Sh1,500 za mwajiri.

Marekani hali ni tofauti. Huko pia kuna kikomo: kwa mwaka 2026, mchango wa asilimia 6.2 hukatwa kwenye mapato yasiyozidi dola 184,500 kwa mwaka. Lakini michango ya wafanyakazi wa leo ndiyo inayowalipa wastaafu wa leo, na kanuni ya malipo humpa mwenye kipato kidogo sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake wa zamani. Ndiyo maana mjadala wa kuondoa kikomo huko ni mjadala wa kugawana. Ukiuleta Kenya kama ulivyo, unapotosha hesabu.

Uganda haina kikomo: mfanyakazi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 10 ya mshahara wote. Lakini huko nako kila mwanachama ana akaunti yake. Kwa hiyo kuondoa kikomo kunawezekana; ila peke yake hakumfikishii maskini kitu.

Faida na gharama za kuondoa kikomo

Faida ipo. Mwenye mshahara mkubwa analazimika kuweka akiba inayolingana na maisha aliyozoea, badala ya kustaafu na kuwa mzigo kwa watoto wake. Hazina nayo hupata mtaji mkubwa zaidi wa kuwekeza.

Gharama zipo pia. Ya kwanza ni ya mwajiri. Kwa meneja mmoja wa Sh300,000, hoteli italipa nyongeza ya Sh11,520 kwa mwezi, yaani Sh138,240 kwa mwaka. Hoteli kubwa huenda isihisi. Hoteli ndogo inayopunguza wafanyakazi msimu wa mvua za masika itahisi.

Ya pili haionekani upesi. Mchango wa pensheni hauhesabiwi katika mapato yanayotozwa kodi, mradi usizidi Sh30,000 kwa mwezi. Nyongeza ya Sh11,520 ya meneja ingepita bila kodi ya asilimia 30. Kama hana akiba nyingine ya pensheni iliyokwisha kutumia nafuu hiyo, serikali itakosa Sh3,456 kila mwezi kutoka kwake. Na ni fedha za kodi zinazolipa Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ambao wengi wao hawakuwahi kuajiriwa. Kwa bibi wa Kinango anayesubiri Inua Jamii, kuondoa kikomo cha NSSF kunaweza kupunguza kapu lile lile linalomlipa.

Kinachompotezea mhudumu akiba

Uzee wa mhudumu wa Diani hautegemei kikomo cha juu. Unategemea miezi. Kwa mwaka mzima wa kazi anaweka Sh36,000. Akisimamishwa kazi miezi mitatu ya msimu mbaya, anapoteza Sh9,000. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka 20, ni Sh180,000, kabla ya kuhesabu faida ya uwekezaji. Mwajiri akimkata na asipeleke, hasara ni kubwa zaidi.

Mvuvi wa Gazi, mama wa samaki Msambweni na dereva wa bodaboda Ukunda hawana mwajiri wa kuwaongezea. Kwao NSSF ina mpango wa Haba Haba, ambapo mtu huweka kuanzia Sh25 kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai siku ambazo hapana kinachotiwa.

Mambo ya kufanya

1. Angalia hati yako ya mshahara. Kama mapato yako hayazidi Sh108,000, mchango wako ni asilimia 6 ya mapato yote.
2. Linganisha hati hiyo na taarifa ya akaunti yako ya NSSF, kwenye tovuti yao au Huduma Centre Kwale. Mwajiri hutakiwa kuwasilisha michango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.
3. Ukikuta mwezi umekosekana, muulize mwajiri kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko NSSF ukiwa na nakala za hati zako.
4. Kazi ya msimu ikiisha, uliza jinsi ya kuendelea kuchangia kwa hiari.

Maswali ya kujadili barazani

Sheria ya NSSF hubadilishwa na Bunge la Kitaifa, si bunge la kaunti. Mswada wa kuibadilisha ukifika, wananchi hualikwa kutoa maoni. Wakazi wajiandae kwa maswali haya:

- Kikomo kikiondolewa, nyongeza ibaki kwenye akaunti ya anayekatwa, au sehemu yake iende kwa wenye akiba ndogo?
- Je, nyongeza hiyo ipewe nafuu ya kodi?
- Nani atamchangia mfanyakazi wa msimu katika miezi isiyo na kazi?

Atakayesimama barazani kusema kikomo kiondolewe kwa ajili ya wanyonge, aulizwe swali la kwanza kabla ya mengine.