Picha Iliyofichwa Nusu: Usalama Wake Hupimwaje?

Picha iliyosimbwa kwa sehemu mara nyingi huonekana chenga tupu, kama televisheni isiyoshika mawimbi. Ukiitazama unaridhika kwamba siri imefichika. Tunakuomba usiridhike upesi.

Kusimba sehemu tu huokoa muda na chaji, hasa kwenye simu na kamera ndogo. Picha ya JPEG hugawanywa katika vipande vya piseli 8 kwa 8, na kila kipande huandikwa kwa namba 64. Ya kwanza hubeba wastani wa mwanga; 63 zilizobaki hubeba kingo, mikunjo na nywele. Ukisimba ile ya kwanza peke yake, picha inavurugika kweli. Lakini mdukuzi hana haja ya kutafuta ufunguo. Anazitupa namba zilizosimbwa, anaweka kijivu kimoja mahali pake pote, na uso unaanza kujichora: nyusi, pua, ukingo wa kidevu. Zile chenga zilizokutuliza zimeondoka.

Kipimo kinachotajwa sana ni PSNR, kinachohesabiwa kwa desibeli. Desibeli zikiwa chache, piseli za picha halisi na za ile iliyosimbwa zimeachana mno. Basi, ni hilo tu. Kama mtu bado anatambulika, hakisemi. SSIM, kilichochapishwa mwaka 2004, kina afadhali kwa kuwa huangalia maumbo, ila nacho kilitengenezwa kupima ubora wa picha. Kupima siri ni kazi nyingine.

Mwaka 1883 mtaalamu wa usimbaji Auguste Kerckhoffs alifundisha kwamba tuchukulie adui anajua mtambo wote isipokuwa ufunguo. Kwa picha, maana yake ni kuishambulia kwanza, ndipo upime kilichofufuka. Tena usiwategemee watazamaji wa kibinadamu peke yao. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na Cornell Tech waliifundisha kompyuta kwa picha zilizofichwa, zikiwemo za P3, mfumo unaosimba sehemu ya JPEG. Iliwatambua watu kwa kiwango kilichopita mbali kubahatisha, katika picha ambazo jicho halikuambua kitu.

Kwa hiyo, ofisi yako ikiletewa programu ya namna hii, muulize muuzaji: mmeishambulia vipi, na kilirudi nini? Akikujibu kwa desibeli peke yake, picha za eksirei na za vitambulisho zisimbe nzima.