Virusi Dhidi ya Kuvu: Yaliyo Kweli na ya Kuuliza Dukani

Mkazi wa Ngarenaro mwenye nyanya kwenye ndoo nyuma ya nyumba, au mwenye kahawa kwenye miteremko ya Meru, aingiapo duka la pembejeo kutafuta dawa ya ukungu huenda akaambiwa kuwa ipo chupa yenye "virusi vinavyokula kuvu", isiyo na sumu na ifaayo kwa kila zao. Kabla ya kutoa fedha, ajue ni lipi katika maneno hayo lililo kweli.

Ni kweli kwamba kuvu nayo huugua. Mwaka 1904 kuvu iitwayo Cryphonectria parasitica ilionekana New York, na katika miongo iliyofuata ikaangamiza mabilioni ya miti ya chesnati nchini Marekani. Mwaka 1938 ilionekana Italia. Huko, katika miaka ya 1950, mtaalamu Antonio Biraghi aliona miti ambayo vidonda vyake vilikuwa vikipona vyenyewe. Mfaransa Jean Grente aliichunguza kuvu ya vidonda vya namna hiyo, akaikuta imedhoofika. Baadaye ikathibitika kuwa ndani yake mna kirusi. Kirusi hicho hakiiui kuvu, bali huifubaza: huzaliana kidogo, haipenyi sana ndani ya gome, na mti hupata nafasi ya kufunga kidonda.

Lakini kirusi hicho hakina hata ganda la kukihifadhi. Huishi ndani ya kuvu, na huhama hasa pale nyuzi za kuvu mbili zinapoungana. Kuvu zisizopatana haziungani. Kwa sababu hiyo kilisaidia sana sehemu nyingi za Ulaya, ilhali Marekani, kwenye makundi mengi ya kuvu yasiyopatana, kilisaidia kidogo. Grente mwenyewe hakunyunyizia virusi shambani. Alipandikiza kuvu yenye kirusi kandokando ya kidonda, mti kwa mti.

Basi chupa moja inayodai kutibu chulebuni, kutu ya majani na bakajani kwa kirusi kimoja inadai makubwa mno. (Kisababishi cha bakajani chelewa ya nyanya, kwa usahihi wa kisayansi, si kuvu halisi.)

Dhana ya kupambana na kuvu kwa kiumbe hai si ngeni nchini. Aflasafe, iliyosajiliwa mwaka 2018, hutawanywa katika mashamba ya mahindi na karanga ili kupunguza sumukuvu, ile iliyoua watu 20 katika mlipuko wa mwaka 2016 uliohusisha Dodoma na Manyara. Hata hivyo, kilichomo si kirusi. Ni kuvu isiyotengeneza sumu, nayo haitibu nyanya.

Muulize muuzaji jina la kiumbe kilichomo, zao na ugonjwa uliosajiliwa, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiumbe hai kilichoanikwa juani dirishani mwa duka huenda kimekwisha kufa. Dai risiti. Lebo isipoyajibu hayo, usinunue. Ipige picha uipeleke Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Ngaramtoni.