Mtoto Ndani ya Ngoma, Mtoto Ndani ya Kisafina



Mtu akifika Iniversite kusoma fasihi, atapewa kazi ya kulinganisha hadithi za mataifa mbalimbali: kutafuta jambo moja linalorudi huku na huku, kisha kuuliza kila taifa limelisimulia namna gani. Wengi wetu tunafikiri kazi hiyo inataka vitabu vya Wafaransa na Wagiriki tu. Kumbe sisi watoto wa Masisi na Walikale tuko na hadithi ambayo maprofesa wa ng'ambo wanaifundisha, na sisi wenyewe tunaona haya kuitaja.

Mwaka 1956, kule Walikale, Candi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo kwa Kinyanga. Alisimulia, akaimba, akacheza, muda wa siku 12. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga, wakaitafsiri kwa Kiingereza, ikachapwa Marekani mwaka 1969.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwakataza wake zake kuzaa mtoto mwanaume. Mwindo akazaliwa hata hivyo. Baba akamrushia mkuki, akamzika, yote bure. Mwishowe akamfungia ndani ya ngoma, ikatupwa majini.

Tulipofika hapo, mmoja wetu akapiga kelele: "Lakini huyu ni Musa!" Mwingine akasema, basi wazee walichukua hadithi kwa wamisionari. Tulibishana mpaka kengele ikalia.

Wote wawili walikimbia mno. Kufanana peke yake hakuonyeshi nani amechukua kwa nani. Wagiriki nao walikuwa na Oidipo, aliyetolewa atupwe mlimani angali mchanga, juu baba yake aliogopa kuuawa naye. Hofu ya mkubwa kwa mtoto iko pote.

Kwa hiyo tulifungua Kutoka 1 na 2, tukagawa ukurasa wa kaye sehemu mbili, tukaandika bega kwa bega. Farao aliamuru watoto wanaume watupwe mtoni, wasichana waishi. Shemwindo pia alitaka wasichana tu. (Ni sababu ya mahari, ao aliogopa mrithi? Hapo hatujapatana bado.) Lakini tazameni chombo. Kisafina cha manyasi kilitengenezwa na mama ili mtoto apone. Ngoma ilifungwa na baba ili mtoto afe. Na tazameni nani anaokoa: Musa anatolewa majini na binti ya Farao, Mwindo anatolewa katika ngoma na shangazi yake Iyangura, dada ya Shemwindo. Mara zote mbili ni mwanamke wa nyumba ileile ya mtesaji. Jambo hilo hatukuliona siku ya kwanza.

Mwisho ndio unaachana kabisa. Jeshi la Farao linazama. Oidipo anamwua baba bila kumjua. Mwindo anamfuata baba yake mpaka kuzimu, anamrudisha mzima, na Shemwindo anakiri kosa mbele ya watu na kumpa mwanawe utawala. Kwa nini Wanyanga walitaka baba arudi? Swali hilo ndilo lenye alama nyingi, na kulijibu lazima kujua mwami ni nini kwetu, namna anavyorithiwa.

Vakansi inakaribia. Kila mmoja amwombe babu, nyanya ao shangazi hadithi moja ya mtoto aliyekataliwa, kwa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo, lugha yoyote ya nyumbani. Aandike maneno kama yalivyosemwa, bila kuyatengeneza, na jina la kijiji na la msimulizi. Tutazisoma darasani juma la kwanza la kurudi.