Ndoa ya Bomani na Dini ya Mfungishaji

Afisa wa serikali anaweza kukataa kufungisha ndoa ya Mwislamu na Mkristo kwa sababu imani yake haimruhusu? (Barua kadhaa za Kigwa na kata jirani za Uyui, nazijibu pamoja.)

Hawezi. Kigwa ilikuwa kituo cha misafara ya kwenda Tabora, na watu wa dini mbili wameishi huku jirani kwa vizazi. Vijana wao kupendana si ajabu. Inaniudhi mtu aliyekalia kiti cha serikali anapowaambia, "mmoja abadili dini kwanza." Sheria ya Ndoa ya 1971 imetaja vizuizi: umri mdogo, undugu wa karibu, ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, kukosekana kwa hiari. Tofauti ya dini haimo. Kazi ya msajili si kutoa baraka. Anahakikisha masharti yametimia, anasikia kauli za wawili hao mbele ya mashahidi wawili, anaandika daftarini. Kuandika hivyo si kukiri imani ya mtu. Nitaambiwa kwamba Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, na afisa naye ni raia. Kweli, na uhuru huo unamlinda katika ibada yake na katika kuchagua mwenzi wake. Haumpi mamlaka juu ya ndoa ya mwingine, maana waliosimama mbele yake wana ibara hiyohiyo, tena na ya 13 inayomkataza mtumishi wa mamlaka ya nchi kubagua. Dhamiri ikimlemea, amweleze mkuu wake mapema ili kazi ashike mwingine. Kuwarudisha watu nyumbani hakuna msingi wowote.

Je, sheikh au padri atalazimishwa?

Hapana. Ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sheikh anayekataa kumwozesha Mwislamu wa kike kwa Mkristo, au padri anayesubiri ruhusa ya askofu, yumo ndani ya haki yake. Lakini akikubali kufungisha, anatumia leseni ya serikali na wajibu wote unamhusu: taarifa ya siku 21, ambamo mwanamume anayeongeza mke huwataja alionao, hiari ya wote wawili, cheti, na nakala kufika kwa Msajili. Kutosajili hakubatilishi ndoa, ndiyo maana wengi hulegea. Anayeumia ni mjane, siku ya mirathi, shemeji wanapomwambia hakuwahi kuolewa na yeye hana karatasi ya kuwaonyesha.

Wazazi wanapinga kwa sababu ya dini ya mkwe. Ndoa ya bomani itasimama?

Ikiwa wote wametimiza miaka 18, itasimama.

Mahari haijamalizika. Ndoa ni halali?

Halali.

Binti ni mwanafunzi wa sekondari, lakini familia zote zimeridhia.

Anayemwoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 chini ya Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa 2016. Ridhaa ya familia haimwokoi, na anayesaidia ndoa hiyo naye anatenda kosa.